Unga wa Samsam

Galbet, Garissa

Kwako abaayo, ndugu yangu Qali,

Assalaamu alaykum warahmatullah. Natumai barua hii itakukuta mzima huko Bute, wewe na hooyo aliyetuzaa, na kwamba mbuzi wamepata malisho baada ya ile mvua kidogo. Sisi tunashukuru. Shemeji yako Abdihafid yuko sokoni na ng'ombe wake kama kawaida, na mwanangu Khalif ametimiza miezi mitano. Nakuandikia Kiswahili chetu cha darasani ili hooyo asiweze kukisoma. Simu sikupigi, maana ya kwako huwekwa sauti ya juu nyumba nzima inisalimie. Isome peke yako.

Umeniomba ule unga wa uso kabla ya harusi yako. Ulisema umeona picha yangu ya Idi, chunusi zimekwisha, madoa meusi yamefutika, ukanitania kwamba nimekuwa bibi harusi mara ya pili. Sitakutumia. Usikasirike kwanza.

Unaijua qasil ya hooyo, majani ya mti wa gob, yaani mkunazi, anayokausha kivulini na kutwanga mwenyewe. Akichekecha, nyumba nzima hupiga chafya, na ukitia maji povu linainuka. Yangu ilipoisha nilinunua kwa Samsam, jirani anayeuza uturi na hina nyumbani kwake. Aliniapia ni qasil tupu. Haikunipiga chafya wala haikutoa povu, nami nikajiambia ni kwa sababu imesagwa kwa mashine. Baada ya wiki chache uso ukatakata kama yai lililomenywa. Wanawake walinisimamisha njiani kuniuliza siri. Abdihafid, ambaye unajua hasemi kitu, alisema nimependeza. Abaayo, nilifurahi hata nikaona aibu.

Kisha mikono ikaanza kutetemeka, simimini chai bila kuimwaga. Usingizi ukapotea. Khalif naye akawa analia na kuliacha ziwa. Nilimpeleka kliniki, na nesi aitwaye Yurub akanitazama mimi kabla ya mtoto, akaniuliza ninapaka nini. Alisema qasil ya kweli husafisha ngozi, haimgeuzi mtu rangi, na kwamba unga mwingine hutiwa zebaki, sumu inayoharibu figo na kumfikia mtoto kwa maziwa na kwa kugusana ngozi. Akaniagiza niache siku hiyo hiyo, nipeleke kopo la ule unga hospitalini, na tupimwe mkojo sote wawili.

Kwa hiyo wewe tumia ya hooyo. Ijaribu kwanza nyuma ya sikio, ungoje mpaka kesho yake. Ichanganye na maji au mtindi, usitie ndimu wala krimu yoyote, isiingie machoni, na uioshe kabla haijakauka na kukaza ngozi. Ikiwasha, osha na uache kabisa. Madoa yatapungua polepole na mengine utaolewa nayo, na huyo mchumba wako Keynan alikuposa akiyaona.

Sasa jambo lenyewe. Baadaye Yurub alipoliulizia kopo, nilimwambia nimelitupa. Sikulitupa. Nilikaa wiki bila kupaka, madoa yakarudi meusi kuliko ya kwanza, na mwanamke mmoja harusini akaniuliza kama naumwa. Jana nilipaka tena ule unga. Nikamnyonyesha Khalif nikiwa nao usoni, amelaza shavu lake shingoni mwangu. Kupimwa hatujaenda. Naogopa watakachoniambia, na zaidi najiogopa mwenyewe, kwa sababu hata sasa ninapoandika nalifikiria lile kopo.

Abdihafid hajui lolote. Kila asubuhi najiandaa kumwambia, na kila asubuhi ananitazama usoni kwa furaha, nami naahirisha. Basi mwambie wewe. Mpigie ukimaliza kusoma, mwambie kopo liko nyuma ya gunia la mchele jikoni, alichukue pamoja na mtoto, waende hospitali. Mimi nitakataa. Nitakuita mwongo mbele yake, nitalia, nitaapa. Usinisikilize.

Msalimie sana hooyo, umwambie tu kwamba tumemkumbuka. Nawe Allah aijaalie kheri ndoa yako. Niombee dua, na umwombee Khalif zaidi yangu.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Barwaqo