Farasi Aliyerudi Madukani

Rungwa,
Jumapili, baada ya ibada

Kwa Baba mpendwa, na kwa Mama anayekusomea,

Shikamoo Baba. Shikamoo Mama. Mimi ni mzima kabisa, isipokuwa sikio la kushoto ambalo bado limevimba kidogo, kwa sababu mtakayoisikia mbele. Ninyi je, mnaendeleaje hapo Kiomboi? Mvua imewabakizia alizeti, au imezilaza zote? Na yule kuku anayetagia juu ya kiti cha pikipiki yako, Farasi mzee, kule ghalani, ameshaangua? Naulizia mengi kwa sababu huku habari za nyumbani hufika kwa lori, na lori hufika likitaka.

Kabla Mama hajaendelea: kurasa za barua hii ni nne, na nimeziandika namba pembeni. Baba, ukiambiwa imekwisha kabla ya ukurasa wa nne, uliza. Mama, unisamehe. Utaona sababu ukifika huko.

Barua yako, Baba, niliipokea kutoka kwa dereva wa lori la mbao. Ilikuwa na swali moja tu: huyu Farasi aliyerudi madukani, ambaye mradi wa asali umenipa nifanyie kazi, ni Farasi kweli au ni punda aliyevishwa tandiko? Ukasema nikujibu mimi, maana hao wengine hawajui pikipiki. Najua unaulizia nini. Kiinua mgongo chako kimetoka, na yule mwenye duka wa Singida mjini amekuahidi kukuwekea mmoja, mwekundu, hadi upate neno langu. Basi leo nakujibu kama shahidi, mwana nimemweka pembeni.

Ninayemlinganisha naye ni Farasi wako wa zamani. Nimekulia juu ya tangi lake, nimeshika katikati ya usukani, mikono yako huku na huku, tukishuka Sekenke kwenda kuchanja ng'ombe wa watu. Nakumbuka ile miaka ambayo hata sabuni ilikuwa ya foleni. Tairi lilipasuka na mpira mwingine haukuwepo mkoa mzima, ukalijaza nyasi kavu tukafika nyumbani meno yakigongana. Nakumbuka ulivyokuwa ukimlaza kila jioni akitazama mteremko, hata kama kiki ya kuwashia ilikuwa nzima, ukisema chombo cha kutegemea hakitegemewi. Na nakumbuka sheria yako kwa kila uliyempakia, awe mgonjwa au diwani: abiria ni gunia, na gunia halina maoni. Gunia pekee lililokaidi ni Mama, siku ulipomkimbiza hospitali kwenda kunizaa mimi. Yeye mwenyewe husema alikupa maoni kuanzia uani hadi mlango wa wodi.

Kiwanda kilipoacha kuwatengeneza ulinuna kama mfiwa. Sasa, enzi hizi za ruksa, kila duka limejaa kila kitu, na Farasi naye karudi. Jina ni lile lile, na kile kichwa cha farasi bado kipo ubavuni mwa tangi. Ndiyo maana nilipokabidhiwa funguo nilitazama kile kichwa kwanza, nikasema moyoni, haya, tuone.

Baba, ukimwona mara ya kwanza utacheka. Ana plastiki nyingi kuliko duka la ndoo. Kiki hana. Ana kitufe chekundu, unakibonyeza kwa kidole gumba kama unaua kunguni, naye anaamka. Petroli haichanganywi tena na oili, kwa hiyo ule moshi wa buluu ambao Mama alikuwa anaulalamikia kwenye nguo zilizoanikwa haupo. Kilichoniuma ni sauti. Farasi wako alikuwa akianza kupanda kutoka bondeni Mama anainjika maji, akifika uani chai imeiva. Huyu anafika kimya kama jirani aliyekuja kuomba chumvi. Mara mbili nimewakuta watu wa hapa wakinisengenya, hawakunisikia nikija.

Wiki ya kwanza nilianguka naye mchangani nikapasua plastiki ya ubavuni. Fundi wa huku aliitazama, akaniambia yeye ni fundi wa vyuma, vyombo vya jikoni nipeleke kwingine. Nikayeyusha nta, nikaziba mwenyewe. Imeshika mpaka leo, ila jua likiwa kali nyuki hunisindikiza. Na mbung'o wa pori hili, ambao wanapenda rangi ya buluu na nyeusi, wangemla Farasi wako mzima mzima. Huyu mwekundu wangemwacha kidogo, lakini ofisi kwa busara zake imenipa koti la buluu.

Hayo ni ya nje. Nikwambie ya ndani. Njia ya huku ni mchanga mtupu, ule mchanga unaovuta gurudumu la mbele upande autakao. Nilifanya ulivyonifundisha: nikasogea nyuma kwenye kiti, nikalegeza mikono, nikamwacha atafute njia mwenyewe. Akaipata. Ndoo mbili za asali kwenye keria, mimi na koti langu, naye anavuta bila kulalamika. Siku ile nilicheka peke yangu porini.

Sasa lile la sikio. Wiki iliyopita wazee wa hapa kijijini walitaka kuona taa za kona. Hapa hata baiskeli yenye kengele ni habari. Nikawasha ya kulia ikakonyeza. Wakaomba ya kushoto. Mmoja akasema hakuona vizuri, nirudie. Nikaenda kula ugali kwa mwenyekiti nikamwacha Farasi anakonyeza wazee mpaka sahani zikaondolewa. Wewe ungeshajua betri ilikuwa inakwenda wapi. Mimi sikuwaza. Asubuhi aliwaka, nikaona ni mzima.

Asubuhi hiyo hiyo nikaenda porini na Mzee Ramadhani, mrina asali ambaye ndiye mwalimu wangu hasa, ingawa kwenye karatasi mimi ndiye mtaalamu wake. (Bado wananiita Bwana Nyuki. Nilipowaambia waseme Bibi Nyuki wakajibu huyo ni mke wa Bwana Nyuki, tena wakaulizia mume wangu yuko wapi.) Niliegesha chini kwenye tambarare, mita chache tu kutoka mti wenye mzinga, kwa majivuno ya kitufe. Tukarina, tukafunga ndoo, nikabonyeza. Akatoa sauti kama ya mjusi, tik, akanyamaza. Nikabonyeza tena na tena, huku nyuki ambao tulikuwa tumetoka kuwapokonya chakula wakianza kuuliza nani kafanya hivi.

Mzee Ramadhani hakukimbia. Yeye huwa hakimbii nyuki, husimama tu kama kisiki. Akanitazama ninavyorukaruka, akauliza, "Huyu hana mguu wa kumpiga?" Nikamwambia kiki wameiondoa. Akafikiri, halafu akaonyesha kwa kidevu kichuguu kikubwa kilichokuwa mbele yetu. "Basi mpandishe huko umteremshe. Hata mkaidi hushuka."

Hapo ndipo nilipokukumbuka, Baba, na mteremko wako wa kila jioni. Tulimsukuma juu ya kichuguu mimi nikilia, mzee akicheka. Nikapanda, nikaweka gia ya pili, nikashika klachi, mzee akaniachia. Kabla gurudumu halijafika chini nikaachia klachi, naye akanguruma. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue alinguruma sawasawa, ile sauti yako ya bondeni. Niliumwa na nyuki watano, mmoja ndani ya sikio. Mzee Ramadhani hakuguswa hata na mmoja.

Tangu siku hiyo Farasi wangu analala juu ya kichuguu. Kipo kimoja nyuma ya nyumba yangu, nimekichimba kidogo kikawa na njia. Watu wa kijiji wanaamini ni masharti ya mganga, na sijawakatalia, maana sasa hakuna anayethubutu kumgusa.

Kwa hiyo jibu la swali lako ni hili. Ni Farasi. Wamempaka rangi ya sherehe, wamempunguzia sauti, wamemnyang'anya kiki, lakini ndani ni yeye. Hajamwaibisha mzee wake.

Mama, hapa ndipo ukurasa wa nne unapoanza. Usikohoe, endelea.

Baba, lazima ujue kwamba Mama alinitumia ujumbe ndani ya barua ya kaka Yona. Aliniomba nikwambie pikipiki hii ni bati tupu, haifai hata kupakia kuku, ili ukate tamaa. Akasema mimi ndiye unayenisikiliza. Usimkasirikie. Nilikaa nikaandika kama alivyotaka. Niliandika mistari mitatu, nikaichana. Mambo mengi ungeniruhusu kudanganya, lakini kuhusu injini hukunifundisha kudanganya.

Ila Mama ameona jambo ambalo sote tumeliona, na ni yeye pekee aliyejaribu kufanya kitu. Pikipiki haina shida. Shida ni macho yako, Baba. Barua yako umeiandika kwa mkono wako ili mtu asijue umeniuliza nini. Mstari wa tatu umepanda juu ya wa pili, wa tano umeanguka nje ya karatasi, na kwenye bahasha jina la Rungwa umeliandika mara mbili, moja likiwa mahali pa stempu. Na Krismasi ulisalimia koti la Yona lililokuwa limetundikwa mlangoni, ukaliulizia habari za kazi. Tulicheka wote, ukasema ulikuwa unatania. Hukuwa unatania. Nilikuona ulivyoshika ukuta ukirudi kukaa.

Naogopa, Baba. Naandika neno hilo bila kulizungusha. Ukimnunua huyu, utamweza kwa mikono na kwa akili, ila hutamwona ng'ombe aliyelala barabarani. Nami nitakuwa nakodolea macho kila lori linaloingia hapa, nikihofia limebeba habari gani.

Ninachoomba ni hiki. Mwezi ujao Farasi anatakiwa Singida mjini kwa matengenezo, nami nimepewa ruhusa ya kufika naye Kiomboi. Usiende dukani kabla sijafika. Jumatatu yake tutakwenda hospitali pamoja, wakuangalie macho. Jirani yetu wa kanisani walimfanyia upasuaji, sasa anatia uzi kwenye sindano. Wakisema na wewe inawezekana, na ukaona tena, tutakwenda wote kwa mwenye duka, nami nitakuwa wa kwanza kukaa juu ya kiti. Wakisema haiwezekani, Farasi wangu ni wako kila likizo.

Na siku hiyo ya hospitali hutatembea kwa miguu. Utapanda nyuma yangu. Najua hujawahi kukaa nyuma ya mtu maisha yako yote. Lakini mimi nimekupa ushahidi tu, hukumu bado ni yako, na pikipiki wewe ulikuwa ukiihukumu kwa masikio. Ulikuwa ukilala kitandani unasikia ya mchungaji ikipita njiani, ukamwambia Mama valvu zake zimelegea. Kaa nyuma, umsikilize huyu akipanda kilima, ndipo useme kama nimekudanganya.

Nisalimieni kaka Yona na wifi, na shangazi wa vitunguu pale sokoni, mwambieni asali yake naileta, asiniwekee kinyongo. Mama mdogo wa kwaya pia, na mzee jirani anayekuja kusikiliza redio na kula karanga zote. Mama, wewe nakukumbatia mara mbili, mara ya pili kwa ajili ya kosa la ukurasa wa nne. Mungu awatunze mpaka mtakapouona mwanga wa taa yangu ukikonyeza uani.

Mimi binti yenu anayewapenda,
Naomi, Bwana Nyuki

Nimefungua tena bahasha kuongeza hili. Baba, ukikaa nyuma, sheria ni ile ile. Abiria ni gunia, na gunia halina maoni. Ila kwa kuwa gunia lenyewe ndilo lililonifundisha, nikiingia mchangani na gia isiyofaa, nakupa ruksa ya kunigonga bega. Mara moja tu. Kabla ya pili nitakuwa nimeshaisikia injini mwenyewe.