Majani Ndani ya Ini

Elinaza, naapa kila neno ni kweli, Kornelio asikudanganye!

Leo kwake Keko nimewasimulia wajukuu zake kuhusu kondoo ambaye Kornelio alimchinjia balozi wa nyumba kumi, enzi za Ujamaa. Ini limejaa minyoo bapa, Kornelio anang'ang'ania: "Hayo ni majani aliyokula!"

Majani, Elinaza!

Bwana afya aliyekuja kukagua nyama akafoka: "Majani gani yanatambaa? Na nyama yenyewe majimaji. Fukia yote!" Balozi akafura: "Kornelio, ulitaka kuniua?"

Wajukuu wakacheka. Kornelio akanikazia macho: "Mwongo mkubwa! Na aliyeniuzia kondoo mgonjwa nani?"

Nikaanza kutafuta viatu vyangu.

Mkewe Sesilia akanionyesha mlango: "Leo utalilipa hilo ini!"

Sasa niko buchani, napekua ini vipande vipande. Muuzaji kachoka: "Mzee, unanunua au unakagua?"

Nanunua. Kilo mbili.