Nusu Saa ya Kaka

Dada mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mgongo umekuachia kidogo na wanao hawajambo. Mimi mzima, ila macho yananisaliti. Duka langu bado lipo chini ya ngazi, ingawa wateja ni wa kuhesabu: nani ahangaike na saa za betri za enzi zile wakati simu ipo mfukoni?

Jumanne alikuja kaka. Ndiyo, kaka yetu. Sikumtambua mpaka alipokohoa. Amekonda, nywele zote nyeupe. Alileta ile saa yake ya mkononi, ile inayovuma kama nyuki ndani ya kopo badala ya kugonga. Anataka kumpa binti yake anayeanza kazi. Alisema aliitupa sandukuni siku tuliyomzika mama na hakuigusa tena.

Siku zile unazikumbuka kuliko mimi. Mama alitaka amwone mwanawe wa kwanza kabla ya upasuaji. Kaka akafika nusu saa baada ya mlango kufungwa, na mama hakutoka hai. Aliapa kwamba saa yake ilichelewa. Nawe, pale msibani, ukamwambia mbele ya watu kuwa mtu mzima hasingizii chuma. Miaka kumi na mmoja hamjaamkiana.

Nikafungua kifuniko, yeye ameketi mbele yangu. Betri ilikuwa imevuja, ukoga wa kijani umetambaa hadi kwenye koili, yenye waya mwembamba kuliko unywele. Akaniuliza taratibu, “Hebu niambie, mdogo wangu, kweli ilikuwa inachelewa? Maana hata mimi nimeanza kuamini nilizembea.”

Nikamjibu kwamba kutu imeharibu kila kitu, haiwezi kujulikana. Akanishukuru. Akanishukuru, dada!

Ukweli ni huu. Ndani ya kile kifuniko ipo tarehe niliyoichora mwenyewe kwa sindano, siku tisa kabla ya mama kufariki. Kaka aliniletea saa nimbadilishie betri. Mpya sikuwa nayo. Nikampachikia iliyotoka kwenye saa ya mtu mwingine, nikamwambia ni mpya. Betri iliyochoka haiizimi saa ya namna ile papo hapo. Huilegeza kwanza, ikawa inabaki nyuma kidogo kidogo. Hilo nililijua tangu palepale msibani. Ulipomfokea kaka nilinyamaza, kwa sababu ulikuwa umeniegemea begani ukilia, na sikutaka uondoe kichwa chako.

Nimeisafisha siku mbili kwa ncha ya kijiti, pumzi nimeibana. Koili imesalimika, saa inatembea. Ijumaa saa nne anakuja kuichukua, nami nitamwambia kabla hajaketi. Sijui kama atanipiga au atageuka tu aende zake.

Mimi usinijibu, dada. Ukiwa na neno, mwandikie yeye. Anwani yake nimeiandika nyuma ya bahasha.

Wape watoto salamu za mjomba wao, na mgongo usiuchoshe kwa kuinama.

Ni mimi mdogo wako,
Kitindamimba