Kidole juu ya sauti za wazee

Jumanne, Mvara

Sauti zimebaki zote, Mungu ashukuriwe.

Zaitun, fundi kutoka Koboko, ameweka upya mfumo wa Linux kwenye seva yetu, ambamo nimehifadhi sauti za wazee wakitaja makaburi tuliyoyaacha Sudan Kusini. Wengi wao wamekwisha kufa, na nakala nyingine sina. Orodha ya sehemu za diski ilipotokea kwenye skrini, nilimuuliza ni ipi itakayofutwa.

"Mzee, weka kidole yako kwa ile ya sauti," akasema. "Mimi nafuta ya mfumo tu. Ukitoa kidole, shauri yako!"

Sikukitoa mpaka akamaliza, mkono umekufa ganzi.

Baadaye nilifungua faili ya marehemu dada yangu. Anakohoa kabla ya kutaja kaburi la baba. Siku zote nilitaka kukikata kikohozi kile. Leo nimekisikiliza mara tatu.