Kitufe Kikubwa cha Kijani

Leo swahiba wako, ndiye mimi, hakuwa na miwani, hakuwa na subira, wala hakuwa na nakala ya picha hata moja. Alikuwa na cheti chake cha kompyuta cha shule ya jioni tu, akajiona profesa.

Unajua binti yake anabuni skrini za kusakinisha mfumo wa kompyuta. Kamwomba babake ajaribu ukurasa wa kugawa diski, yaani kupanga nafasi ya kuhifadhia mafaili, kwenye kompyuta ya nyumbani.

"Baba, umeshahamisha picha za magauni ya mama?"
"Mimi wa kuulizwa hivyo?"

Machaguo matatu. La kwanza, kitufe kikubwa cha kijani: "Futa diski yote (inapendekezwa)". Inapendekezwa! Na nani? Akabonyeza.

Binti yuko nyuma yake, anaandika tu. Eti ndiyo kanuni ya majaribio, mtumiaji hasaidiwi. Ahsante sana, mwanangu.

FUTA DISKI YOTE! Kila gauni la harusi alilowahi kushona shemeji yako, picha zote, kwaheri. Na anarudi kesho kutoka safari.

"Lakini Baba, si nilikuuliza?"

Profesa kachukua karatasi. Kaandika maoni yake kwa kalamu: chini ya kitufe hicho ongezeni swali, "Mke wako anarudi lini?" Kalamba bahasha, kaifunga, kaipenyeza chini ya mlango wa binti.