Maziwa ya Anatolia

Igurwa, Mei 1951

Dada Xaveria, shikamoo. Mwanangu ameota jino, na kahawa imeanza kuiva.

Wifi yangu Anatolia damu yake ya mwezi haikatiki, kama ya mdogo wetu, marehemu Adventina. Dresa wa zahanati kasema, "Mwacheni, anajisafisha." Katekista kamzuia kanisani. Mama mkwe kamnyima maziwa, ati ng'ombe atakauka.

Jana aliyaomba kwa sauti ileile ya Adventina. Nikampa.

"Umeniulia ng'ombe!" mama mkwe akafoka.

"Bora ng'ombe, mama."

Asubuhi mume wangu amekamua, kibuyu kimejaa. Kesho tunambeba Anatolia kwa machela hadi barabarani, tuje hospitali huko kwako Bukoba. Tupokee, dada. Kila akiniita, nageuka kumtafuta Adventina.

Mdogo wako, mwana mgongoni,
Placidia