Chupa Niliyonyang'anywa

Mujukuu wangu Zaina,

Pokea salamu toka Wamaza. Tuko wazima, na mbuzi wako mweupe amezaa mapacha.

Unasema wamama wa Kasongo wanakuita muchoyo, kwa sababu chupa tupu za dawa za mifugo unazitoboa pale kiliniki ya mifugo unapofanya kazi badala ya kuwapa. Mimi zamani nilipewa moja na veterineri, munganga wa mifugo. Alikuwa ameogesha mbuzi zetu kwa dawa ya kupe. Kesho yake akarudi kwa miguu: "Mama, nilikosa. Ile chupa iko na sumu, hata ukiiosha." Akaitoboa kwa kisu, akaniachia chupa yake ya maji. Nilinuna. Nilikuwa nimeshaiosha, niweke mafuta ya kumupaka mama yako, mutoto wa siku tisa.

Kila nikiona sura yako, namushukuru yule mutu.

Bibi yako